Slivu 96 za Lamu: shajara ya kurekebisha faiba ya mji wa kale

Jumamosi, siku ya 1

Tumeingia jana jioni na boti ya Mokowe, mimi na mwenzangu wa splaisa, ile mashine ya kuunganisha nyuzi za faiba, na kijana wetu wa ngazi. Mimi ni mtu wa Malindi, Lamu nimeshakuja mara nyingi lakini kwa kazi kubwa hivi ni mara ya kwanza, ndiyo nimeamua niandike kila siku kabla sijalala, mafundi wenzangu wasome na mimi mwenyewe nisisahau.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna kebo ya faiba ya nyuzi 24, nyuzi za kioo zinazopeleka net kwa mwanga, inayotoka kwenye kabati upande wa bahari, inapita Langoni, inatokea Mkunguni mbele ya Ngome, halafu inaingia Mkomani mpaka mwisho. Njiani ina klosha 4, yaani maboksi yaliyofungwa ambamo nyuzi zinaunganishwa, kila klosha jointi 24, jumla jointi 96, na kila jointi ina slivu yake, kibomba cha plastiki kinachoilinda. Iliunganishwa na watu wengine kabla yetu. Tangu masika wateja wanalia net inakatika ovyo, na tangu kusi ikaze imekuwa mbaya zaidi, mtu anapata leo kesho hana, akipiga simu anaambiwa zima uwashe modemu. Nyuzi 3 zimekufa kabisa. Hakuna punda aliyevuta kebo, hakuna aliyechimba, klosha haikufunguliwa na mtu, zimekatika zenyewe tu humo ndani.

Asubuhi tumeanza na OTDR, mashine inayopeleka mwanga kwenye uzi na kupima unaorudi, kutoka kabatini. Hapa niseme kitu kwa wale waliozoea njia ndefu za barabarani: kwenye mji kama huu klosha mpaka klosha ni mita mia tatu, mia nne hivi, ukiacha mashine kwa pulsi kubwa, yaani mpigo mrefu wa mwanga, kama unapima Malindi hadi Garsen, jointi mbili zinaonekana kitu kimoja na hujui ipi mbovu. Tumeweka pulsi ya nanosekunde 10 na kebo ya kuanzia ya mita 150 ili jointi ya kwanza isimezwe na mwanga unaorudi pale kwenye konekta.

Nimepima kwa mawimbi mawili ya mwanga, nanomita 1310 kisha 1550. Uzi wa rangi ya chungwa, klosha ya baharini, 1310 inapoteza desibeli 0.18, lakini 1550 inapoteza 0.61. Uzi wa kijani hivyohivyo, 0.15 na 0.52. Nikamwambia mwenzangu hapa tatizo si kuunganisha, hapa kuna uzi umepinda. Maana jointi ambayo kioo chenyewe hakikukutana vizuri inapoteza karibu sawasawa kwenye mawimbi yote mawili, ila uzi ukipinda, wimbi refu ndilo linaloumia kwanza kwa sababu linavuja nje ya kiini kirahisi zaidi. Na wateja hawa wa GPON, mfumo wa faiba unaogawa uzi mmoja kwa nyumba nyingi, wanapokea kwa 1490, iko karibu na 1550 kuliko 1310, kwa hivyo fundi akipima na 1310 peke yake anaona mambo sawa anaenda zake, mteja anabaki gizani.

Kesho tunafungua.

Jumapili, siku ya 2

Tumefungua klosha ya baharini saa moja asubuhi kabla upepo haujachangamka. Nimekaa kwenye daka la nyumba moja ya zamani, hizi nyumba zina baraza za mawe mlangoni zimenyooka kama meza, sijapata meza nzuri ya kusplaisi kama hii popote. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, nikampigia shikamoo nikamwomba nafasi, akaitikia marahaba mwanangu kaa, kisha akaangalia ngazi yetu ilivyoziba kichochoro akasema, "Ndia ni hini moya, punda wapite wapi?" Alikuwa na haki. Tumeigeuza ngazi tukaifunga wima ukutani, na dakika mbili baadaye wakapita punda wanne na shogi za mchanga, wangetuangusha pamoja na kebo.

Sasa ndani ya klosha. Mpira wa mdomo una chumvi nyeupe mpaka kwenye pembe, lakini maji hayakuingia, hilo nashukuru. Nikatoa trei nikaiweka juu ya kitambaa cheusi nikachukua lenzi ya mkono.

Slivu ya kwanza niliyoangalia ni ya uzi uliokatika. Kwa macho tu unaona slivu nzuri, imesinyaa, chuma kinang'aa ndani. Ukiweka lenzi mdomoni mwa slivu upande wa kulia unaona koti la uzi, ganda la plastiki linalofunika kioo, limeishia nje. Kati ya mwisho wa koti na mwanzo wa slivu kuna kama milimita 3 za kioo kitupu, na kioo hicho ndicho kimekatika, mkato msafi kabisa kama wa klivaa, kile kifaa cha kukatia kioo. Slivu ya pili iliyokufa, hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo, ila upande wa kushoto.

Nimepima urefu wa slivu kwa rula: milimita 40. Nikapima kioo kitupu ndani yake, kinaonekana kwa sababu slivu ni ya plastiki angavu: milimita 32, yaani walikata 16 kila upande. Hesabu ni ya mtoto wa shule. 40 ukitoa 32 inabaki 8, ugawe pande mbili ni milimita 4 tu za koti kila upande kushikwa na gundi, na hiyo ni kama umeweka katikati kamili. Ukikosea ukaisogeza milimita 5 tu, upande mmoja tayari kioo kiko uchi. Kwa slivu ya 60 unabakiwa na 14 kila upande, mkono ukiteleza kidogo bado uko salama. Slivu ya 40 si mbaya, ina kazi yake, lakini ukiitumia lazima ukate kioo kifupi, 8 au 10 kila upande. Hawa walichukua slivu fupi wakakata kwa kipimo cha slivu ndefu.

Na kwa nini kikatike chenyewe bila kuguswa? Hili watu wengi hawalijui na linaniuma kwa sababu ndilo msingi wa kazi yote. Kioo cha faiba kina unene wa mikroni 125, kama unywele hivi, na kikiwa kipya kina nguvu ya ajabu. Lakini juu yake kuna nyufa ndogo sana zisizoonekana. Kikiwa kimepindwa au kimevutwa hata kidogo, na hewa ina unyevu, maji yanaingia kwenye ncha ya ufa yanavunja viungo vya kioo kimoja kimoja, ufa unakua polepole, wiki, miezi, mpaka siku moja unafika mwisho. Ndiyo maana uzi unavalishwa koti tangu kiwandani, sekunde ile unapozaliwa. Sisi tunaliondoa koti ili tuunganishe, na slivu ndiyo koti tunalomrudishia. Tukimrudishia koti fupi hapa Lamu, ambapo ukilaza simu nje usiku asubuhi ina ukungu wa chumvi, basi tumempa siku za kuishi tu.

Jioni tumehesabu. Kati ya slivu 24 za klosha hii, 3 zimekatika, 9 kioo kiko nje upande mmoja, 7 zimepinda kama ndizi, na zilizobaki zina mapovu. Hakuna hata moja ya kuacha. Mwenzangu alitaka tubadilishe zile 3 na zile 9 tu tuende klosha ya pili. Tumebishana mpaka magharibi. Nikamwambia hizo nyingine zitatuita tena mwezi wa kumi na moja, boti ya kurudi nani atalipa? Akakubali. Tunakata zote.

Jumatatu, siku ya 3

Leo nimepoteza nusu siku na nitaeleza yote.

Kwanza slivu. Tulileta paketi mbili za mia mia, za milimita 60. Moja ilikuja kwenye begi langu, nyingine ilisafiri Ijumaa ndani ya sanduku la vifaa, na sanduku likakaa juu ya kifuniko cha injini ya boti njia nzima. Leo nafungua, kila nikichomeka uzi haupiti. Slivu ina vitu vitatu: bomba la nje la polyolefini ambalo ndilo linasinyaa, chuma chembamba cha pua cha kuipa mgongo, na bomba dogo la ndani la gundi ambayo inayeyuka kwa joto dogo kuliko bomba la nje. Joto la injini halikutosha kusinyaza la nje, kwa macho slivu zinaonekana mpya, lakini gundi ya ndani imelegea ikajibana. Tumezikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, 37 tumetupa. Zimebaki 163, zinatosha, lakini kuanzia leo slivu zinakaa kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, kivulini, mbali na injini na mbali na bati.

La pili, jointi ya nne niliunganisha vizuri, mashine ikanipa 0.01, nikafungua kifuniko, slivu iko mezani. Sikuivalisha. Kila fundi anajua maumivu hayo, slivu haiingii baada ya kuunganisha, lazima ukate uanze tena na uzi wa akiba unapungua. Nilikuwa naongea na simu. Tumeweka utaratibu: mwenzangu anavalisha slivu kwenye uzi wa upande wa kushoto na anataja rangi kwa sauti, "bluu ina slivu", "chungwa ina slivu", mimi sigusi stripa, kifaa cha kuvua koti, kabla sijasikia. Tangu tuanze hivyo hatujasahau hata moja.

La tatu ni jeli. Hii kebo ina jeli ndani ya mirija ya kuzuia maji, nyuzi zikitoka zimelowa. Ukivalisha slivu juu ya jeli, gundi haishiki koti, inashika jeli, na baada ya muda uzi unateleza ndani kama mguu kwenye kiatu kikubwa. Kwa hivyo unasafisha urefu wote ambao slivu itakaa, si ule wa kukata tu: kwanza tishu kavu mara mbili, halafu tishu yenye aisopropili ya asilimia 99, ndipo slivu, ndipo stripa, ndipo unapangusa kioo, ndipo klivaa. Na baada ya aisopropili unasubiri ikauke. Hapa hewa ina unyevu, haikauki haraka kama Nairobi, nikiharakisha naona povu kwenye slivu papo hapo, ule ni mvuke uliokosa pa kutokea.

Jointi 9 tu leo. Zote ni nzuri.

Jumanne, siku ya 4

Tumemaliza klosha ya baharini. Jointi 15, na nataka nieleze moja jinsi inavyokwenda kwenye hita, sehemu ya splaisa inayopasha slivu mpaka isinyae, kwa sababu nimeona mafundi wengi, hata mimi mwenyewe miaka ya mwanzo, tunaangalia skrini kwa makini sana wakati wa cheche inayoyeyusha na kuunganisha kioo, ikishaandika 0.02 tunapumua kama kazi imeisha, hita inageuka mahali pa kuegeshea tu huku tunaanza uzi unaofuata. Wakati hapo ndipo jointi inapopona au inapougua.

Unafungua kifuniko cha splaisa. Kabla ya hapo mashine imeshauvuta uzi kidogo kuupima, nguvu ya kama gramu 200, ukivumilia hapo ni dalili nzuri. Unashika uzi pande zote mbili mbali na kioo, unauinua ukiwa umenyooka, hauuachi ulegee hata sekunde. Unateremsha slivu polepole mpaka pale palipoungana pawe katikati, unaangalia koti linaingia ndani sawa kulia na kushoto. Mimi nimechora alama mbili za kalamu ya wino kwenye kingo ya hita, milimita 60, nalinganisha nazo. Kisha unaulaza kwenye hita chuma kikiwa chini, unavuta kidogo kabisa, unafunga.

Halafu usiondoe macho. Hita nzuri inaanza kupasha katikati kisha joto linaenda pembeni. Unaona bomba la nje linaanza kukaza kiunoni, gundi inakuwa angavu kama ute wa yai, na hewa inasukumwa kwenda kulia na kushoto mpaka inatoka midomoni. Mwisho gundi kidogo inachungulia kila upande, tone dogo kama kichwa cha pini. Hilo tone nikiliona pande zote mbili moyo unatulia, maana yake hakuna mlango wa maji. Pembeni zikifunga kabla ya katikati, hewa imefungiwa, unapata povu, na povu likikaa juu ya kioo linakisukuma upande mmoja, ndiyo zile 0.3 na 0.5 za kwenye 1550. Inatokea ukiweka slivu imekaa upande, au hita ina gundi ya zamani imeganda, au umechagua programu ya slivu ya 40 wakati umeweka ya 60. Leo nimesafisha hita mara mbili kwa kijiti cha pamba.

Mlio ukilia usiitoe. Hapa ndipo zile "ndizi" zilipotoka. Gundi bado ni laini, ukiishika katikati na kuivuta inapinda, na itaganda hivyohivyo ilivyopinda, chuma au si chuma. Subiri, ishike kwenye ncha za uzi, ilaze kwenye trei ya kupoza imenyooka, ipoe mpaka ukiigusa na mdomo wa juu husikii joto. Sisi tunaiacha dakika mbili kamili. Kwa jointi 96 ni zaidi ya saa tatu za kusubiri tu, na bosi akipiga simu kuuliza mmefika wapi ni vigumu kumweleza kwamba tunasubiri plastiki ipoe. Nimemweleza. Amesema sawa.

Jumatano, siku ya 5

Kusi imevuma tangu alfajiri mpaka bendera za boti zinapiga kelele. Klosha ya Langoni imefungwa nje kwenye ukuta unaotazama bahari, hakuna daka karibu. Mashine ina kifuniko cha upepo, cheche haisumbuki, lakini uzi ulio uchi ukipeperuka mkononi ukigusa tu kitu basi umekwaruzwa, na chumvi inaruka. Punje moja ya chumvi au ya chokaa ikiingia ndani ya slivu, unapoiteremsha juu ya kioo inachora kioo kama msumari. Leo jointi haitakatika wala haitaonekana mbovu kwenye OTDR, itakatika mwakani.

Tumeenda kuomba stoo ya jirani muuza mbao, ametupa kona, tumeteremsha kebo yote ya akiba mpaka ndani. Jointi 12 mpaka umeme ulipokatika, halafu betri. Nilichogundua ni kwamba cheche haili betri, hita ndiyo inayokula. Tulipofika asilimia 15 mwenzangu akatoa kibiriti cha gesi mfukoni, kwa nia njema kabisa, akasema tumalizie mbili hizi kwa moto tufunge. Nilimkatalia kwa ukali kuliko nilivyokusudia na baadaye nikamwomba radhi. Moto wa kibiriti unachoma upande mmoja, unasinyaza nje kabla gundi ya ndani haijayeyuka, na unaweza kuunguza koti la uzi ambalo ndilo tunalotafuta kuokoa. Ndani ya klosha ya baharini tulikuta slivu mbili zina weusi wa moshi. Nilikuwa nimeziona Jumapili na zikawa bado zinanikera.

Tumefunika kila kitu tukaondoka.

Alhamisi na Ijumaa, siku ya 6 na 7

Umeme umerudi usiku. Alhamisi tumemaliza 12 za Langoni, tumefunga klosha kwa mpira mpya na tumeigeuza mdomo uangalie chini, walikuwa wameifunga mdomo juu kama kikombe. Ijumaa nusu siku tu kwa sababu ya sala, tumeanza Mkunguni, jointi 10.

Pale Mkunguni watu ni wengi, wazee wa barazani wanauliza, vijana wanauliza, kila mtu ana simu yenye malalamiko. Mzee mmoja alikaa nami karibu saa nzima anaangalia hita. Alikuwa fundi wa majahazi. Akaniuliza gundi hiyo inafanya nini, nikamweleza, akasema kwake ni kalafati, mbao mbili zimekutana vizuri lakini bila pamba na mafuta kati yake chombo kitakunywa maji. Nimefurahi sana kupata mtu aliyeelewa kwa dakika moja.

Jumamosi, siku ya 8

Mkunguni imeisha, 14 zilizobaki, na tumehamia Mkomani mchana. Klosha ya Mkomani iko chini ya wikio, kile chumba kinachovuka kichochoro kutoka nyumba hii mpaka ile, kwa hivyo mvua haiipati na upepo unapita juu. Slivu zake ndizo zenye nafuu, lakini nazo ni za 40 na kioo kirefu. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na ukuta wa matumbawe na chokaa hutoboi ovyo, tumetumia matundu yaleyale ya zamani, hatukuongeza hata moja. Jointi 8.

Jumapili, siku ya 9

16 za mwisho. Ya mwisho kabisa ilikuwa rangi ya samawati nyepesi, namba 12 ya mrija wa pili, saa tisa na robo alasiri. Slivu tulizotumia ni 100, na jointi tano tulikata tukarudia: moja ya kwangu ya simu ambayo slivu yake ilibaki mezani, tatu za mapovu, moja mwenzangu aliivuta ikiwa moto na akaikata mwenyewe kabla sijasema neno.

Jumatatu, siku ya 10

Vipimo. Tumepima pande zote mbili, kutoka kabatini na kutoka Mkomani, kwa sababu OTDR ukipima upande mmoja inaweza kukudanganya, nyuzi mbili za viwanda tofauti zikikutana upande mmoja inaonyesha kama mwanga umeongezeka, jambo ambalo haliwezekani. Uzi wa kahawia pale Mkunguni upande mmoja umeonyesha nyongeza ya 0.08, upande wa pili upotevu wa 0.16. Ukijumlisha na kugawa mara mbili ni upotevu wa 0.04, jointi nzuri kabisa. Mtu angepima upande wa pili tu angeikata bure.

Jointi mbovu kuliko zote sasa ni 0.09. Ule uzi wa chungwa wa baharini ambao ulikuwa 0.18 na 0.61, leo 1310 ni 0.03 na 1550 ni 0.03. Namba mbili zimelingana, hakuna kilichopinda. Nimepiga picha ya skrini.

Kwa wanaouliza desibeli nusu ni kitu gani cha kuhangaikia: splita ya 1 kwa 32, kifaa kinachogawa mwanga wa uzi mmoja mara 32, peke yake inakula kama 17, na bajeti yote ya upotevu ya GPON ya kawaida ni 28. Ongeza konekta, kebo, jointi nne za 0.5 kila moja, mteja wa mwisho Mkomani anabaki ukingoni, modemu yake inasikia kwa shida mwanga ukiwa pale kwenye -27, upepo ukitikisa kebo anaanguka. Kwa hesabu ya njia nzima tumewarudishia wa mwisho karibu desibeli 2.

Alhamisi, siku ya 13

Tulibaki siku tatu zaidi kwa ombi langu, nilitaka tupate upepo mkali au mvua kabla hatujaondoka. Usiku wa kuamkia leo vyote viwili vimekuja. Saa mbili asubuhi nimeenda na pawa mita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, kwa yule mama wa daka la baharini, na yeye pia ni mteja, binti yake anauza achari na mikeka kwa simu na tangu masika alikuwa anapanda ukumbi wa juu kutafuta mtandao wa simu. Jumatatu kwake ilikuwa -21.4. Nikachomoa, nikasafisha konekta, nikachomeka pawa mita, nikasubiri namba itulie huku maji bado yanadondoka kwenye kebo pale nje.

-21.4.

Binti akaniuliza nzuri au mbaya, nikamwonyesha ile ya Jumatatu niliyoiandika kwenye daftari. Mama yake akaniletea kahawa na mkate wa mofa, nikala palepale kwenye daka nilipokatia ule uzi wa kwanza. Boti ya Mokowe ni saa sita. Kopo la slivu lina 63, nalibeba mkononi.